Ukuta wa Zahanati, Mbokomu

Tulipoujenga haukuwa na dirisha la fedha.
Mlango mmoja, benchi moja, chumba cha dawa,
na baba yangu, Ndekirwa, ameshika timazi, akisema
kizingiti kiwe chini,
anayeletwa kwa machela asitikiswe.
Mawe yalipanda kutoka mtoni vichwani mwa mama zetu.
Bati zililetwa na lori la serikali.
Tiba ilikuwa bure, hata miezi ambayo dawa hazikuwepo:
ukifika unapewa pole, bure.
Nayasema haya kwa sababu vijana hudhani zamani rafu zilijaa.

Baba akafa. Nikarithi timazi na mwiko.
Siku moja mganga akaniita: Fundi Elinami,
waraka umetoka juu, toboa hapa.
Kwetu juu ni mlimani, maji ndiyo hutoka juu.
Waraka hupanda kutoka tambarare
na gari la saa nne.
Dirisha la nini? La kuchangia gharama.
Upana? Akanionyesha kwa viganja:
mkono upite, kichwa kisipite.

Nilipiga nyundo tangu asubuhi. Mchanganyiko wa baba
haukutaka kuachia.
Linta haikuwemo kwenye bajeti, nikaweka ubao wa mgrivea.
Ujira wangu ulitoka dirishani humohumo,
sarafu bado zina joto la kiganja cha mtu.

Wiki ile Aikaruwa alikuja na mtoto mgongoni, jogoo kwapani.
Karani akasema jogoo haandikiwi risiti.
Akashuka Kiboriloni kwa miguu, akamuuza,
akarudi na noti. Dirisha limefungwa.
Mtoto alipona, msinitazame hivyo.
Alipona kwa bahati,
na bahati haina kifungu kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Halafu ukaja mfuko, na kadi.
Kadi moja, watu sita. Sisi tulikuwa wanane.
Usiku ule, taa ya chemli katikati,
mimi na mke wangu tulihesabu watoto
kama wapima kahawa: yupi kifua chake kizuri,
yupi anaweza kukaa mwaka mzima bila kadi.
Anaeli alikuwa macho. Alisikia jina lake likirukwa.
Sasa ana wajukuu, na bado hajawahi kulitaja jambo lile.

Waraka mwingine: paka rangi ya buluu, andika MZEE KWANZA.
Niliandika vizuri, herufi zimenyooka,
sikujua najiandikia mwenyewe.

Leo nimekaa chini ya herufi hizo, goti limevimba.
Kijana wa wilaya amekuja na kishikwambi,
anapima vyumba kwa hatua. Anasema bima kwa kila mtu,
anataka chumba cha usajili, na mahali mtandao unaposhika.
Nikamwambia hiyo habari tunaijua, ni mfongo:
wote wanachimba, wote wana zamu,
asiyekuja kuchimba anatozwa faini,
na mjane asiye na nguvu, maji yanamfikia.
Shida haikuwa kwenye kuchimba.
Shida ni yule wa shamba la juu
anayefungulia usiku.
Akacheka. Kisha akauliza jambo
ambalo miaka yote hakuna aliyeniuliza:
Mzee, ukuta upi unabeba paa?

Nikainuka, goti na lile.
Nikamwonyesha dirisha langu, na juu yake ufa
unaopanda kutoka kona ya ubao hadi kwenye kenchi.
Mara tatu wameupiga plasta, mara tatu umerudi.
Huu ndio unaobeba, nikasema, na huu ndio niliotoboa.
Ukitaka chumba, jenga. Ila kwanza lete nondo,
lete saruji, tuweke linta niliyonyimwa.

Akaandika kitu kwenye kioo chake. Sikuona nini.
Karani akaita jina langu, akalikosea,
nikaitika hivyohivyo.